Nazi ya Wakfu na Pembe za Shamba

Shamba la bibi yangu, karibu na Pangani, lilikuwa na minazi kumi na saba ya kwetu na mmoja usio wetu. Mnazi huo ulisimama mpakani, na kijiji kizima kiliuita mnazi wa wakfu. Mzee aliyeupanda aliutoa kwa msikiti kabla bibi hajaolewa pale, na tangu hapo mkwezi aliyeukwea alikuwa ametumwa na wazee wa msikiti, na fedha za nazi zake zilinunua mikeka na mafuta ya taa. Siku moja, nikiwa na miaka minane, niliokota nazi kavu iliyoangukia upande wetu, nikaipeleka jikoni mbio kwa sababu bibi alikuwa amekwisha kuitoa mbuzi ya kukunia. Aliigeuzageuza mkononi, akaniuliza nimeitoa wapi, kisha akaiweka chini. "Hii ina wenyewe, mjukuu wangu." Nilimwambia kuwa imeanguka kwetu. "Iangukie hata chunguni, ina wenyewe." Akajitanda kanga, akanishika mkono, tukatembea mpaka barazani kwa mzee aliyeutunza msikiti. "Hodi hapa. Nimewaletea amana yenu. Huyu mtoto hakujua."

Bibi alikuwa Mwanglikana wa kubatizwa na kufa, na hakuwa na deni lolote kwa msikiti ule. Hata hivyo hakuhitaji kuelezwa maana ya wakfu. Nilichokiona mimi siku ile ni kwamba mnazi wenyewe haukuwa na tofauti yoyote na mingine: nyama ya nazi zake haikuwa nyeupe zaidi, shina lake halikuwa safi zaidi, na kunguru walitua juu yake kama walivyotua juu ya yetu. Tofauti yake yote ilikuwa katika swali moja tu, nalo ni kwamba ulikuwa wa nani.

Nimekisoma kitabu cha Mambo ya Walawi mara nyingi tangu utu uzima, na kila ninapofika kwenye neno "takatifu" narudi kwenye nazi ile. Ninaamini kwamba sisi wasomaji wa Kiswahili tumekielewa kitabu hiki upande kwa muda mrefu, na sababu mojawapo ni neno letu wenyewe, neno zuri ambalo limetuongoza njia isiyo yake.

Takatifu limetokana na kutakata. Nguo iliyotakata ni ile iliyofuliwa ikaanikwa juani mpaka ikang'aa, na kutakasa ni kuondoa uchafu. Mwalimu wangu wa shule ya Jumapili alitufundisha utakatifu kwa kitambaa cheupe alichokidondoshea tone la wino, nasi tukaelewa kwamba mtakatifu ni mtu asiye na doa. Tukiwa na picha hiyo akilini tulifungua Walawi, tukakuta maiti, damu, vipele, ukungu ukutani na wanyama wasioliwa, na tukahitimisha kwamba Waisraeli wa kale walikuwa watu waliouogopa uchafu, au kwamba Mungu aliwapa kanuni za afya kabla ya kuwako madaktari.

Kiebrania hakisemi hivyo. Shina la kadosh, neno tunalolitafsiri takatifu, halihusiani na kufua, bali na kutengwa na kuwa mali ya mwenyewe fulani. Ndiyo maana ndoa ya Kiyahudi huitwa kiddushin, kutokana na shina hilohilo, kwa kuwa mke ametengwa kwa ajili ya mume mmoja. Na ndiyo maana katika Kumbukumbu la Torati 23 jina la mwanamke anayekatazwa kuwako katika Israeli, kedesha, ambaye tafsiri zetu humwita kahaba, limechukua shina hilo pia, ingawa hakuna mtu anayemwona msafi. Hata wito wa kujiandaa kwa vita katika Yeremia 6 unatumia kitenzi cha shina hilo. Neno halianzi na wema wala weupe. Linaanza na umiliki.

Kinachonishangaza ni kwamba Kiswahili kina neno linalokaribia sana maana hiyo, nalo ni wakfu. Watafsiri wa Biblia ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952, walilitumia katika sura ya mwisho ya Walawi, mahali panaposemwa kwamba kitu kilichowekwa wakfu kwa Bwana hakiuzwi wala hakikombolewi. Mtu yeyote wa pwani anaijua kanuni hiyo bila kufungua Biblia. Sidai kwamba ilipasa tuseme "Roho wa Wakfu". Lugha imekwisha kuchagua, na takatifu limebebwa na sala za vizazi vingi. Nasema tu kwamba anayesoma Walawi asome takatifu huku akisikia wakfu nyuma yake.

Sheria hizi zina jozi mbili za maneno, si moja. Baada ya wana wawili wa Haruni, Nadabu na Abihu, kufa kwa kuleta moto wa kigeni mbele za Bwana, baba yao anaambiwa katika Walawi 10 kwamba kazi ya kuhani ni kupambanua kilicho kadosh na kilicho hol, na kilicho tame na kilicho tahor. Hol si kibaya. Ni cha kawaida tu, kama jembe, chungu, na siku ya Jumanne. Tahor ni ndugu wa neno letu twahara, na tame ndiyo najisi. Sehemu kubwa ya maisha ya Mwisraeli ilikuwa ya kawaida na yenye twahara, na hapo hapakuwa na tatizo lolote. Kitu cha kawaida kingeweza kunajisika na kutwaharika tena mara nyingi bila mtu kulaumiwa. Hatari ilikuwa moja: najisi kukutana na kilicho wakfu kwa Mungu.

Hapa nakiri kwamba majirani zetu Waislamu wanaielewa Walawi 15 upesi kuliko Wakristo wengi. Mtu aliyeamka na janaba hajatenda dhambi. Haswali kwanza; anakoga, kisha anaendelea na siku yake. Walawi 15 inasema karibu neno hilohilo: mtu aliyetokwa na shahawa ataoga mwili wake wote kwa maji, naye atakuwa najisi hadi jioni. Hakuna toba, hakuna sadaka, hakuna karipio. Mhubiri anayeigeuza sura hiyo kuwa hotuba ya kukemea uchafu wa moyo anaongeza kitu ambacho mwandishi hakukiweka.

Na mzazi? Walawi 12 inampa mwanamke aliyejifungua mtoto wa kiume siku saba na nyingine thelathini na tatu, jumla arobaini, na aliyejifungua mtoto wa kike siku themanini. Dada yangu alipojifungua mtoto wake wa kwanza, mama alimweka ndani siku arobaini kama desturi ya kwetu inavyotaka: akakandwa kwa maji ya moto, akanyweshwa uji wa pilipili manga, na akina mama waliingia na kutoka chumbani mwake kwa sauti za chini. Hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba dada alikuwa anaadhibiwa. Alikuwa amerudi kutoka mahali ambapo uhai na kifo husimama karibu sana. Mariamu mwenyewe, kwa mujibu wa Luka 2, alizitimiza siku zake akapeleka hua wawili au makinda mawili ya njiwa, sadaka ambayo Walawi 12 inamruhusu mwanamke asiyemudu mwanakondoo. Kama unajisi ungekuwa dhambi, tungelazimika kusema kwamba kumzaa Yesu kulikuwa kosa.

Mfano ulio mzito zaidi ni wa mazishi. Hesabu 19 inasema aliyegusa maiti ni najisi siku saba, na hana budi kunyunyiziwa maji yaliyochanganywa na majivu ya ng'ombe mwekundu siku ya tatu na ya saba. Lakini Torati hiyohiyo imeamuru baba na mama waheshimiwe, na hakuna heshima ya mwisho iliyo kubwa kuliko kuwazika. Mwana mwema alikuwa na wajibu wa kuwa najisi. Angemkwepa mama yake aliyelala sakafuni ili yeye abaki na twahara, hapo ndipo angekuwa ametenda uovu. Hata kuhani wa kawaida, aliyezuiwa kukaribia maiti, aliruhusiwa kujinajisi kwa ajili ya mama, baba, mwana, binti, ndugu wa kiume, na dada asiyeolewa.

Jacob Milgrom, rabi na mtaalamu aliyetoa ufafanuzi mkubwa wa kitabu hiki kwa juzuu tatu, alionyesha kwamba vyanzo vya unajisi wa mwili wa binadamu vinaungana mahali pamoja: maiti, damu inayopotea, mbegu ya uzazi inayotoka mwilini, na ngozi inayochambuka kama ya mfu. Vyote vina kivuli cha kifo, na Mungu wa Israeli ni mwenye uhai, kwa hiyo nyumba yake haiwekwi pamoja na kivuli hicho. Naona hoja hiyo inabeba mzigo mkubwa kuliko hoja ya afya. Miriamu alipopatwa na ugonjwa wa ngozi, Haruni hakuomba asiambukize watu. Aliomba asiwe kama mfu, kama mtoto anayetoka tumboni mwili wake ukiwa umeliwa nusu.

Ugonjwa huo tumeuita ukoma, na tafsiri hiyo imewaumiza watu wengi wasio na hatia. Walawi 13 na 14 zinautaja ukipatikana kwenye nguo, kwenye ngozi zilizotengenezwa na kwenye kuta za nyumba, mahali ambapo bakteria aliyegunduliwa na Gerhard Armauer Hansen mwaka 1873 hana kazi. Tena, mgonjwa aliyeenea weupe kutoka kichwani hadi miguuni hutangazwa kuwa safi, jambo ambalo hakuna bwana afya angelikubali. Na kuna aya moja ninayoipenda sana katika sura ya 14: kabla kuhani hajaingia kuikagua nyumba yenye madoa, anaamuru vyombo vyote vitolewe nje ili visinajisike. Vyombo hivyo vilikuwa ndani na madoa yale siku zote. Kama lingekuwa suala la maambukizo, vingekuwa vimekwisha kuambukizwa. Vinakuwa najisi pale tu kuhani anapotamka, na sheria inampa mwenye nyumba nafasi ya kuokoa vyungu na magodoro yake. Aliyeandika hivyo alimjali mtu maskini.

Kuhusu vyakula nitasema machache, kwa kuwa hapo ndipo kila mtu huanzia na kuishia. Mnyama wa nchi kavu awe na kwato zilizopasuka na acheue. Wa majini awe na mapezi na magamba. Ndiyo sababu Wasabato wa kandokando ya Ziwa Nyanza humwacha kambale, hata pale ambapo majirani wote wanamkausha kwa moshi. Mwanaanthropolojia Mwingereza Mary Douglas, aliyeishi miongoni mwa Walele wa Kasai nchini Kongo, aliwakuta wakimheshimu kakakuona, mnyama mwenye magamba kama samaki lakini anayepanda miti, azaaye mtoto mmoja kama binadamu. Kutoka huko aliirudia Walawi 11, na mwaka 1966 akaandika kwamba wanyama waliokatazwa ni wale wasiokaa sawasawa katika mafungu ya uumbaji. Hoja yake ilitawala vyuo vikuu kwa miaka mingi, na baadaye yeye mwenyewe akakiri kwamba alikosea. Nawaheshimu wasomi wa namna hiyo. Ninachokichukua kwake ni kwamba mtu aliyekaa na Walele aliweza kuyasoma Maandiko kwa macho ambayo hakuyapata Oxford.

Kinachonivutia kuliko vyakula ni ubani. Kutoka 30 inatoa namna ya kuutengeneza uvumba wa madhabahu kwa viungo vinne vya uzito sawa, na ubani safi ni kimojawapo. Kisha inasema mtu atakayejitengenezea mfano wake ili aunuse nyumbani atakatiliwa mbali na watu wake. Mimi nimekulia katika nyumba ambazo ubani unafukizwa kwenye chetezo jioni, ubani huohuo unaotoka katika miti ya Somalia na Dhofar, huko Omani. Sheria haikatazi ubani nyumbani. Inakataza mchanganyiko ule mmoja, kwa sababu una mwenyewe. Katika ngome ya Arad, kusini mwa Yuda, wanaakiolojia walichimbua hekalu dogo lenye patakatifu pa ndani na madhabahu mbili za kufukizia, na mwaka 2020 ikatangazwa kwamba masazo yaliyoganda juu ya moja ya madhabahu hizo ni ya ubani, na juu ya nyingine ni ya bangi iliyochanganywa na kinyesi cha mnyama ili iungue polepole. Kwa hiyo si kila mahali katika Yuda mambo yalikwenda kama Kutoka 30 inavyoagiza, na mimi sioni haja ya kulificha hilo.

Sasa nafika kwenye sura ambayo kwangu ndiyo moyo wa kitabu. Wataalamu huziita sura za 17 hadi 26 Sheria ya Utakatifu, jina lililotolewa na Mjerumani August Klostermann mwaka 1877. Mpaka hapo utakatifu umekuwa wa hema, makuhani na sadaka. Katika sura ya 19 Musa anaambiwa aseme na mkutano wote wa Israeli, na awaambie wote kwamba watakuwa watakatifu kwa kuwa Bwana, Mungu wao, ni mtakatifu. Kile kilichokuwa cha ukoo wa Haruni kinamfikia mkulima, mpasua mbao na mjane.

Unangoja kusikia mkulima huyu atafanya nini ili awe wakfu. Hatumwi hekaluni. Anaambiwa amche mama yake na baba yake, mama akitangulia. Anaambiwa asivune mpaka pembe za shamba lake, asirudi kuokota masuke yaliyoanguka, asichume zabibu zilizodondoka. Hayo ni ya maskini na ya mgeni. Anaambiwa ujira wa kibarua usilale kwake hadi asubuhi, asimlaani kiziwi ingawa hasikii, asiweke kikwazo mbele ya kipofu. Anaambiwa asimame mbele ya mwenye mvi, ampende mgeni kama nafsi yake kwa kuwa wao nao walikuwa wageni katika nchi ya Misri, na mizani yake iwe ya haki. Baada ya kila agizo au mawili linarudi tamko fupi: Mimi ndimi Bwana.

Tamko hilo ndilo linaloiunganisha sura. Sura ya 25 inalieleza waziwazi: nchi ni yangu, nanyi ni wageni na wasafiri kwangu. Pembe ya shamba si hisani ya mwenye shamba. Ni wakfu. Mwenye nchi ameitenga kwa maskini kama alivyoutenga uvumba kwa madhabahu, na mkulima anayeipitishia mundu anafanya kosa la jamii moja na la mtu anayeunusa uvumba ule sebuleni kwake.

Siwezi, hata hivyo, kuipita sura hiyo ya 25 kwa kuchagua aya. Kitabu kilichosema mgeni apendwe kama nafsi kinaruhusu, sura sita mbele, Waisraeli kununua watumwa kutoka mataifa ya jirani na kuwarithisha watoto wao. Na sura ya 21 inamzuia kuhani kipofu au kiwete asiikaribie madhabahu, ingawa inamwachia chakula kitakatifu. Mimi ni Mwanglikana wa pwani. Nimesali katika kanisa kuu la Mkunazini, Unguja, lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na ninapoisoma aya ile siwezi kusahau nimekanyaga wapi. Nadhani waandishi hawa walifungua mlango ambao wao wenyewe hawakuupita wote. Wanaosema kwamba watumwa wa zamani zile walitendewa vyema wanajaribu kuiokoa Biblia kwa kitu ambacho haikukisema.

Marabi waliokuja baadaye waliichukua pembe ya shamba kwa uzito mkubwa. Mishna, mkusanyo wa mafundisho yao ya sheria uliokamilika karibu mwaka 200 baada ya Kristo, ina kitabu kizima juu yake. Inasema pembe haina kipimo cha juu, lakini isipungue sehemu moja ya sitini. Inasema maskini wasije na mundu wala sepeto, wasije wakaumizana katika kugombea, bali wang'oe kwa mikono. Mwenye shamba hakati fungu la kumgawia maskini ampendaye. Anaiacha pembe imesimama na kuondoka, na wenyewe wanakuja kuchukua.

Aya ya ujira nayo haikubaki juu ya ngozi ya kuandikia. Mwaka 1960, katika ngome ndogo ya pwani kusini mwa Tel Aviv inayoitwa Mesad Hashavyahu, mwanaakiolojia Joseph Naveh alipata vigae vya chungu vilivyoandikwa kwa wino mwishoni mwa karne ya 7 kabla ya Kristo. Ni ombi la mvunaji kwa mkuu wa mahali pale, ambalo yamkini lilisemwa kwa mdomo na kuandikwa na karani, kwa kuwa maneno yanajirudia kama ya mtu mwenye uchungu. Anaeleza kwamba alikuwa akivuna, akamaliza, akaweka ghalani. Ndipo akaja mtu aitwaye Hoshayahu mwana wa Shobai akachukua vazi lake. Anasema amemaliza mavuno yake, kisha vazi lake likachukuliwa. Anasema ndugu zake watamshuhudia, wale waliovuna pamoja naye katika joto la jua. Anasema hana hatia, arudishiwe vazi lake.

Kutoka 22 ilikwisha kusema kwamba vazi lililowekwa rehani lirudishwe kabla jua halijachwa, kwa sababu ndilo analojifunika mtu alalapo. Mvunaji hataji aya yoyote, na pengine hakujua kusoma. Anamwambia mkuu wake kwamba hata kama si wajibu wake kulirudisha, amhurumie. Mistari ya mwisho imevunjika, na jibu halimo katika vigae vile.